Kingamwili ya Melan-A, kloni A103: nyota nne, ila usisahau rangi nyekundu

Niko maabara ya patholojia, na melanoma (saratani ya seli za rangi ya ngozi) zinazonifikia mezani nyingi ni za unyayo. Ndiko unakopenda kutokea ugonjwa huu kwa sisi weusi. Kwa kazi hiyo A103 inanifaa sana: ni kingamwili inayonata kwenye protini moja ya seli hizo, kisha tunaitia rangi ionekane kwenye hadubini.

Protini inayoisaka ni Melan-A. Ukikuta kichupa kimeandikwa MART-1, usinunue mara mbili: mwaka 1994 watafiti wa Brussels na wa Marekani waliigundua kila upande kivyake, kila upande ukaipa jina lake. Wanafunzi wa mazoezi huniuliza kama antijeni hii ni kitu kingine tofauti na protini. Ni protini hiyohiyo, tena fupi, amino asidi 118 tu, na seli za rangi za mtu mzima mwenye afya zinayo pia. Jina la antijeni imelipata kwa sababu kinga ya mwili inaitambua: seli huikatakata, kipande cha amino asidi tisa au kumi hupandishwa juu ya seli, seli T, askari wa kinga, zikakiona hapo. Na kwa kuwa seli za rangi zenye afya zinayo, ngozi ya kawaida inatosha kuwa kontroli, yaani kipimo cha kuhakikisha rangi inashika, na baka la ngozi lisilo na madhara litashika rangi vilevile. Kichupa hiki kinakuambia seli ni za ukoo gani. Kama ni saratani, hilo amua mwenyewe kwenye hadubini.

Fomalini, dawa ya kuhifadhia kinyama, huzifunga protini zikashikana, basi chemsha slaidi kwanza. Mimi natumia kimiminika cha Tris-EDTA cha pH 9 kwenye sufuria ya presha: sitoplazimu inatoka imekolea, pembeni peupe kabisa.

Nyota moja nimeikata hapa. Ukitumia DAB, ile rangi ya kahawia, kwenye uvimbe uliojaa melanini, rangi ya asili ya ngozi, hutajua kipi ni kipi. Kahawia juu ya kahawia, jamani! Kwa ngozi zetu nunua kromojeni (dawa ya kutia rangi) nyekundu tangu mwanzo. Halafu kloni hii hushika pia uvimbe wa gamba la tezi ya adrenali, kwa hiyo kinyama kilichotoka tumboni kisikudanganye. Na melanoma ya aina ya dezimoplastiki, ile yenye nyuzinyuzi nyingi, mara nyingi kloni hii haiigusi kabisa. Weka kingamwili ya SOX10 au S100 pembeni.

Chukua kingamwili iliyokolea uizimue mwenyewe, na iwekwe friji nyuzi 2 hadi 8. Nayo ni protini. Joto la mezani litaimaliza.