Mifuko ya kinga njaa: ninavyoiona baada ya misimu kadhaa ya kuhifadhi mahindi Kongwa

Kila mavuno yakikaribia naulizwa swali lilelile na majirani, na akina mama wa kikundi chetu, na ndugu walioko Dodoma mjini wanaonunua mahindi ya mwaka mzima kwa mkupuo: ile mifuko isiyopitisha hewa inayoitwa kinga njaa inafaa kweli, au watu wanatafuta hela tu? Inafaa. Kwa mahindi ya kula nyumbani sijaona kitu kinachoishinda kwa bei yake. Kwa mahindi ya kuuza inategemea unauza lini. Ila ina masharti, na mengi wauzaji hawayasemi kwa sababu wao wanauza mfuko, hawauzi mahindi.

Nalima mahindi, alizeti na karanga kidogo, si mbali na soko la nafaka la Kibaigwa, hapa Kongwa mkoani Dodoma. Nyumba yetu ina watu wengi na mama mkwe wangu yumo. Mahindi ya kula hukaa chumba cha uani tangu Juni hadi mvua za msimu unaofuata zitupatie mahindi mabichi. Hiyo ni miezi mingi ya kulinda punje, na huku kwetu adui wa punje ni dumuzi.

Asiyemjua dumuzi anaweza kudhani namsingizia. Si mdudu wa asili yetu, ametoka Amerika ya Kati, na hapa nchini alianza kuonekana Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970. Walioupima uharibifu wake huko mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuta mahindi yaliyohifadhiwa na wakulima yakipoteza hadi theluthi ya uzito wake kwa miezi michache. Fukusi, yule mdudu mwingine wa ghala, anatoboa punje lakini bado unabaki na punje. Dumuzi anaigeuza vumbi. Unafungua gunia, unatia mkono, unatoa unga mweupe na maganda, na harufu yake inakaa puani. Wengine wanamwita Scania, Wakenya wanamwita Osama, na wote wanamaanisha mharibifu huyuhuyu.

Mfuko ninaouzungumzia ni ule ulioandikwa PICS, kifupi cha Kiingereza cha uhifadhi wa mazao ulioboreshwa na Purdue. Ulianza na kazi ya Profesa Larry Murdock wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, na wenzake, waliokuwa Cameroon mwishoni mwa miaka ya 1980 wakitafuta njia ya kuhifadhi kunde bila dawa. Mradi mkubwa wa kuusambaza Afrika Magharibi na ya Kati ulianza 2007, ukiwa bado wa kunde, kisha ukaja kwenye mahindi, maharage, mtama na karanga. Hapa nchini unatengenezwa Tanga. Kwa nje ni salfeti ya kawaida, yaani gunia la plastiki lililofumwa, ya kilo 100. Ndani kuna nailoni mbili, moja ndani ya nyingine, nzito kuliko nailoni yoyote ya sokoni. Kila moja ina unene wa mikroni 80. Ukiivuta kwa vidole inakataa kutanuka, na ukiikunja inatoa mlio wa ukavu.

Ndani hakuna dawa yoyote. Ukifunga vizuri, wadudu walioingia na mahindi wanapumua hewa iliyomo mpaka oksijeni inapungua sana, nao wanaacha kula. Nilichokipenda nilipoelezwa ni jinsi wanavyokufa. Mdudu wa ghala hanywi maji. Anayatengeneza mwilini kwa kutumia chakula na oksijeni. Oksijeni ikikosekana, maji nayo hakuna, anakauka. Ndiyo maana ukifungua baada ya miezi unakuta wadudu wachache wakavu juu ya punje, na punje nzima zimebaki nzima. Nimemwonyesha hayo mama mkwe, ambaye miaka yote alikuwa anaweka majivu kwenye kihenge, akazichambua punje kiganjani moja moja kabla ya kukubali.

Na hapo ndipo penye thamani kubwa ya mfuko huu kwangu, kabla hata ya hela. Sisi tunakula dona. Hatukoboi, kwa hiyo chochote kilichopakwa kwenye ganda la punje kinaingia sufuriani. Dawa za unga zilizosajiliwa zina vipimo vyake, na anayefuata vipimo simlaumu. Lakini kijijini nani anapima? Watu wanamwaga kwa kukadiria, dumuzi akionekana wanaongeza, na wengine wanatumia dawa za shambani ambazo hazikutengenezwa kwa chakula. Watoto wanatumwa mashineni na mahindi ambayo jana yake yamepigwa dawa. Kuacha hilo tu kunatosha kunifanya ninunue mfuko.

Sasa masharti. La kwanza linashinda yote: mfuko haukaushi mahindi. Kama haupitishi hewa kuingia, haupitishi unyevu kutoka. Ukiingiza mahindi mabichi yanachacha au yanaota ukungu humo humo, na hutajua mpaka siku ya kufungua. Kiwango cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Wazee wanang'ata punje na kusikiliza inavyokatika, na wengi wao wanapatia, ila mimi napima kwa chumvi. Nachukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, natia chumvi kavu vijiko viwili vitatu, najaza mahindi mpaka theluthi ya chupa, nafunga, natikisa vizuri, naiacha robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15 na mahindi yanarudi juani. Chumvi ikiteremka yote chini, unyevu haujazidi hapo, nami naendelea. Nachukua punje kutoka sehemu mbalimbali za turubai, maana za pembeni hukauka upesi kuliko za katikati.

Nasema turubai kwa makusudi. Mahindi yaliyoanikwa chini kwenye udongo yanaokota kuvu, na kuvu ndiye mwenye sumukuvu. Sisi wa ukanda huu hatuhitaji kuambiwa na redio. Mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara ilipata mlipuko wa sumukuvu: wagonjwa 68 walirekodiwa, na karibu watatu kati ya kila kumi walifariki. Walikula ugali wa mahindi ya nyumbani kwao. Kupika hakuiondoi sumu hiyo. Mfuko usiopitisha hewa unamzuia kuvu asiendelee kukua kwenye mahindi makavu, lakini sumu iliyokwisha kuingia shambani au kwenye uanikaji haiondoi hata kidogo. Muuzaji akikuambia mfuko unaua sumukuvu, anakudanganya, na uongo huo unaweza kuua mtu.

Kufunga kunataka watu wawili na subira. Kwanza kagua nailoni: ipulizie, ikunje mdomo, iminye, sogeza shavu karibu uhisi kama kuna upepo unaotoka. Pukuchua vizuri, peta, toa vipande vya magunzi, kwa sababu gunzi lenye ncha linatoboa. Jaza kidogo kidogo huku mwenzako anashindilia na kutingisha mfuko ili hewa itoke kati ya punje. Bakiza shingo ya nailoni ya kutosha, kama urefu wa kiganja na nusu. Isokote mpaka iwe ngumu, ikunje irudi juu yake yenyewe, funga kwa kamba kwa nguvu zako zote. Fanya hivyo kwa nailoni ya pili, kisha salfeti ya nje. Ukifunga moja ukaacha nyingine kwa sababu umechoka, umelipia mfuko wa nailoni mbili ukatumia wa nailoni moja.

Kwa hiyo hakuna lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita kipimo. Mfuko huu una kipimo chake na shingo lazima ibaki. Walanguzi wanaopita vijijini hawaupendi kwa sababu hiyo, na mimi naupenda zaidi kwa sababu hiyohiyo. Mnunuzi akija namimina mahindi kwenye salfeti yake juu ya mizani, mfuko wangu unarudi ndani.

Baada ya kufunga, usifungue kila wiki. Kila ukifungua unaingiza hewa mpya na wadudu waliokuwa hoi wanapata nafuu. Sisi mfuko unaoliwa ni mmoja, mingine haiguswi. Ndiyo maana siku hizi nachanganya: ya kilo 100 kwa mahindi ya kukaa muda mrefu, na ya kilo 50 kwa yale ya kuchota. Mwanamke aliye peke yake anaweza kuisogeza ya kilo 50 bila kuiburuta, na kuburuta kwenye sakafu ya saruji ndiko kunakomaliza mifuko mingi. Iweke juu ya mbao, iachie nafasi na ukuta.

Udhaifu wake mkubwa ni panya. Nailoni si bati, panya akiamua anatoboa, na tundu moja la panya linafuta kazi yote. Chumba lazima kiwe safi, punje zisisambae chini, na paka awepo. Dumuzi naye ana meno, anaweza kutoboa nailoni ya ndani kabla hajaishiwa nguvu, ndiyo maana ziko mbili. Nailoni ya ndani ikipata tundu, msimu unaofuata naihamishia nje na ile nzima naiweka ndani.

Hesabu ya hela naifanya hivi. Mimi nilinunua kwa shilingi 5,000 mfuko wa kilo 100, wakati salfeti tupu ilikuwa kama 1,000. Ukiutunza unafika misimu mitatu, kwa hiyo gharama ya msimu haifiki 2,000. Dawa ya gunia moja haipungui hapo, na mara nyingi inarudiwa kabla ya Desemba. Tuseme sasa gunia ni 60,000 wakati wa mavuno na 85,000 Februari. Aliyeuza Juni kwa kuogopa dumuzi ameacha 25,000 kwa kila gunia, na pengine Februari atakwenda kuhemea kwa bei hiyo kubwa. Lakini kama unajua lazima uuze Juni au Julai kwa sababu ya ada au deni, usinunue mfuko huu kwa mahindi hayo. Hautakuongezea hata shilingi, mnunuzi halipii mfuko. Na kuna miaka bei haipandi kabisa, kwa hiyo anayekuahidi faida kubwa kila msimu asikilizwe kwa tahadhari.

Soko lenyewe linabadilika pia. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, ikafungua siku chache baadaye kwa masharti, mojawapo likiwa cheti cha kuonyesha sumu hiyo haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Sisi tulio karibu na Kibaigwa, soko ambalo nafaka zake zinakwenda mbali, tulilisikia hilo moja kwa moja. Mkulima mwenye mahindi makavu, safi, yasiyo na vumbi la dumuzi, anaongea na mnunuzi akiwa na kitu mkononi.

PICS si pekee. Kuna AgroZ inayotengenezwa na kiwanda cha A to Z cha Arusha, kuna GrainPro, na nyinginezo zenye nailoni moja iliyotengenezwa kwa tabaka kadhaa. Nailoni moja si kasoro yenyewe, teknolojia ni tofauti, ila inataka uangalifu zaidi kwa sababu ikitoboka hakuna ya akiba. Nimewahi kuuziwa mfuko ambao nailoni yake ilikuwa na upenyo kwenye mshono wa chini. Niliugundua kwa kuupuliza kabla sijajaza, na duka lile lilikataa kuupokea kwa sababu nilikuwa nimeufungua. Tangu hapo nafungua na kupuliza palepale mbele ya muuzaji, na anayekataa simpi hela yangu. Akina mama wenzangu, msione haya kufanya hivyo. Shilingi 5,000 ni kilo kadhaa za mahindi.

Kwa karanga zangu za mbegu mfuko umefanya vizuri mno. Mbegu iliyokuwa kavu wakati wa kufunga imeota vizuri nilipopanda, na haikuwa na dawa ya kunizuia kuzila zilizobaki.

Kinachobaki hakiko mikononi mwa watengenezaji wa mifuko. Kila kijiji kinachovuna mahindi kingepaswa kuwa na kipima unyevu ofisini kwa mtendaji au kwa bwana shamba, mtu aje na kikombe cha punje zake na aambiwe namba kabla hajafunga mfuko. Chupa ya chumvi inakuonya ukizidi asilimia 15, lakini haiwezi kukuambia kama umefika 13.5, na mahindi yanayoharibika kimyakimya yako katikati ya namba hizo mbili. Kifaa kimoja kinahudumia watu wengi kwa miaka. Halmashauri zinakusanya ushuru wa mazao kwenye magari yanayotoka Kibaigwa. Sehemu ndogo ya fedha hiyo irudi kama kipima unyevu, na ije kabla ya Mei, mahindi yakiwa bado shambani.