Deikea ya huku Ilomba: achana na katuni za ukutani, angalia mtoto akilia inakuwaje

Wengi mnaniuliza kuhusu hii deikea ninayompeleka mwanangu hapa Ilomba, Mbeya, basi niandike mara moja yaishe. Jina siliweki maana nina ya kusifia na nina ya kulalamika, wa huku mtaijua tu.

Kwa macho haivutii. Ni nyumba ya kawaida ya kupanga, uwanja mdogo, matairi mawili matatu yamepakwa rangi, basi. Ukitoka kwenye zile zenye kapeti, gari la njano na watoto wanaoimba kizungu utasema hapa ni pa kimaskini. Ada 70,000 kwa mwezi, uji wa saa nne na chakula cha mchana humo humo, wanafungua saa 12 na nusu asubuhi kufunga 11 jioni, ukichelewa ni buku mbili kila nusu saa na hawana cha msalie mtume. Cheti cha usajili kipo ofisini, afisa ustawi wa jamii anapita kukagua.

Kilichonifanya nitoe hela ni kitu nilichokiona getini siku naenda kuulizia tu. Kuna katoto kameng'ang'ania kitenge cha mama yake, kanalia mpaka kamasi, anti akachuchumaa hadi wakawa usawa mmoja akamwambia "mama anaenda Mwanjelwa dukani kwake, ukishaamka usingizi wa mchana anakuja kukuchukua, njoo nikubebe tumuage wote". Akambeba, wakapunga mkono mpaka bajaji ikakata kona. Hakuna "nyamaza nitamwita daktari akuchome sindano", hakuna kumzuga aangalie kuku huku mama anachoropoka. Katoto kakaendelea kulia kidogo begani kwa anti, kakaishia kuuliza uji.

Halafu nikauliza yule anti ana watoto wangapi, nikaambiwa sita, na ni wake hao hao mwaka mzima, hawahamishwi hamishwi. Hapa ndo pa kulipia hela wazazi wenzangu, kapeti utanunua mwenyewe.

Kwa nini nasema hivo? Jumamosi ya mwisho wa mwezi wana darasa la wazazi, bure, anafundisha mama mmoja nesi mstaafu, na kwa kweli hili darasa peke yake lina thamani ya ada. Alituelezea kwamba mtoto akishtuka mwili unamwaga homoni, mojawapo inaitwa kotisoli, moyo mbio, sukari inapanda kwenye damu, mwili unajiandaa kwa hatari. Hiyo sio mbaya, hata kulia getini sio ugonjwa, akija mtu anayemjua akambeba inashuka. Hata msiba mtoto anaweza kuuvuka akiwa na mtu wa kumshika. Balaa ni stresi isiyoisha na hakuna mtu mzima anayekuja, kipigo kila siku, ugomvi wa kila usiku, kutelekezwa. Hapo amigdala, ile sehemu ya ubongo inayonusa hatari, inakuwa kali muda wote, na hipokampasi ya kumbukumbu, ambayo pia ndo inasaidia kuzima hiyo kengele, inadhoofika. Mtoto anakaa darasani masikio yako mlangoni, mwalimu anasema mzito kuelewa.

Akatoa mfano wa Romania. Baada ya dikteta wao Ceaușescu kuanguka 1989 walikuta maelfu ya watoto kwenye vituo vya kulelea watoto, wanalishwa, wanaoshwa, ila walezi wachache na wanabadilishana zamu, hakuna mtoto mwenye mtu wake. Watafiti kuanzia miaka ya 2000 mwanzoni wakafuatilia watoto 136 kule Bucharest, nusu wakapelekwa kwenye familia za kuwalea, wakawa wanapima mpaka mawimbi ya ubongo. Waliopata familia waliendelea vizuri zaidi, hasa waliotolewa kabla ya kufika kama miaka miwili. Sasa ukijua hilo, swali la anti anabadilishwa mara ngapi sio umbea, ni swali la kwanza kabisa.

Kuna mzee mmoja, kaja kumwakilisha binti yake, akanyoosha mkono, "sisi tumechapwa fimbo za mpera na tuko wazima". Nesi akamjibu kwa heshima tu, "shikamoo baba, presha yako ikoje?" Watu wakavunjika mbavu na mzee mwenyewe akacheka, kumbe ana dawa mfukoni. Ndo nesi akaingia kwenye utafiti wa madaktari wawili wa Marekani, Felitti na Anda, watu wazima zaidi ya 17,000 walioulizwa kati ya 1995 na 1997 mambo waliyopitia utotoni. Waliopitia aina nne au zaidi za mateso walikuwa na hatari kubwa mara 4 mpaka 12 ya ulevi, madawa, sonona na kujaribu kujiua kuliko ambao hawakupitia hata moja, na magonjwa ya moyo, mapafu na ini nayo yalipanda. Na wale walikuwa watu wenye bima, wengi wamesoma, kwa hiyo tusijifariji kuwa ni shida ya masikini tu. Hapa kwetu utafiti wa taifa wa 2009 ulikuta karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walishapigwa kabla ya miaka 18, na tunazungumzia ngumi, mateke, viboko.

Lawama yangu ya kwanza iko hapo hapo. Nesi anatisha kwanza, matumaini anayaleta mwishoni watu wameshaanza kuangalia saa. Kuna dada pembeni yangu analea mtoto wa marehemu mdogo wake, alikuwa anafuta machozi kabla hajasikia kwamba haya ni uwezekano, sio hukumu, na kwamba mtu mmoja wa uhakika kwenye maisha ya mtoto anapunguza sana madhara. Hiyo angeanza nayo jamani. Na darasa la saa tatu linaanza saa nne, akina baba tunahesabika.

Ya pili baridi. Juni na Julai Mbeya mnaijua, sakafu ni saruji tupu na mikeka haitoshi, mwanangu nampeleka na soksi mbili. Tumelalamika wamesema wanatafuta magodoro, tunasubiri. Uji mzuri ila karanga wanaweka kwa kubania.

Nyota 4 kati ya 5. Ukitaka kupaona nenda saa moja asubuhi watoto wanapoachwa na usipige simu kabla, ukienda saa saba utakuta wote wamelala na hutajua chochote. Nafasi za Januari huwa zinaisha mapema.