Siku mbili za kusuka ukili Bagamoyo: uzoefu wangu

Vidole bado vinaniuma, na nimefurahi. Miaka yote huwa naenda Bagamoyo wakati wa tamasha la sanaa kutazama tu: nakaa, napiga makofi, nakula samaki wa kukaanga pale sokoni ufukweni, jioni napanda gari la Makumbusho narudi Dar. Safari hii nilijiandikisha mimi na binti yangu wa miaka 10 kwenye warsha ya kusuka ukili, yaani ule mkanda mrefu unaoungwa kuwa mkeka au kapu. Warsha inaendeshwa na kikundi kidogo cha kinamama Mji Mkongwe. Siku mbili, Jumamosi na Jumapili. Mtu mzima shilingi 25,000, mtoto nusu yake.

Nilikuwa na sababu yangu. Bibi mzaa mama alikuwa msukaji, Rufiji huko. Utoto wangu wote nimelala juu ya mikeka yake na sikuwahi hata mara moja kumuuliza unaanzaje. Ameshatangulia mbele ya haki, na kwetu hakuna aliyebaki anayejua.

Nianze na kilichoniudhi. Tangazo lilisema saa mbili asubuhi. Tumeanza saa nne, na tulisubiri juani kwa sababu turubai lilikuwa halijafungwa. Halafu tangazo hilohilo lilisema vifaa vimo kwenye ada, lakini tulipofika tukaombwa shilingi 8,000 zaidi za ukindu, yaani majani ya mkindu ya kusukia. Pesa yenyewe si kubwa, na ukindu mzuri kweli una gharama. Ila kuna dada mmoja alikuja na watoto watatu, nikamwona anahesabu noti mara mbili mbili kwenye pochi. Watu waambiwe mapema wajipange.

Baada ya hapo sina lawama. Tuligawanywa watu wanne wanne, kila kundi na mwalimu wake. Wetu alikuwa bibi wa makamo ya juu, anakaa ameunyoosha mguu mmoja, ukili umebanwa chini ya kisigino. Tukamwamkia, akaitikia marahaba, na hakutupa hotuba. Alichukua kuti changa la mkindu lililoanikwa likawa jeupe, akalichana kwa ukucha wa kidole gumba, moja, mbili, tatu, vipande vyote upana mmoja kama vimepimwa kwa rula. Mimi nilipojaribu, changu kimoja kikawa kinene kama kamba ya kiatu, kingine kikakatika.

Kutwa nzima ya Jumamosi tulifanya mambo mawili tu: kuchana, na kuanza. Kuanza ndiko kugumu. Nyuzi zinapishana mlalo, ya kulia inaingia chini ya moja na kupita juu ya moja, na ukisahau zamu moja tu ukingo unapinda. Unaloweka kidogo kwa maji ili ukindu usivunjike, lakini ukizidisha maji utalegea baada ya kukauka. Uzi ukikaribia kwisha unapachika mwingine juu yake, wala hufungi fundo. Nilikuwa navuta kwa nguvu zote. Bibi akaweka mkono wake juu ya wangu: "Mwanangu, unaukaba. Usivute, sukuma kwa gumba." Nilipoanza kusukuma, ukili ukalala wenyewe. Hapo ndipo nilipomwona bibi yangu kabisa, gumba lake lilivyokuwa bapa na gumu upande mmoja. Siku zote nilidhani ni uzee.

Binti yangu alinipita kabla ya adhuhuri. Watoto hawavuti.

Jumapili tulitia rangi, maji yanatokota kwenye sufuria juu ya mafiga, ukindu unazamishwa na kugeuzwa kwa kijiti. Mchana tukaonyeshwa jinsi ukili unavyoungwa ukingo kwa ukingo kwa shazia, sindano kubwa ya kushonea mikeka, mpaka uwe mkeka. Hili tuliangalia tu, kwa sababu mkeka mmoja unataka pima nyingi za ukili (pima ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa) na sisi kwa siku mbili hatukufikisha hata mbili. Wapo waliolalamika kwamba hawaondoki na kapu wala mkeka mkononi. Mimi naona ni haki hivyo. Nimeshahudhuria warsha za saa moja ambako unapewa kitu kilichokaribia kwisha, unamalizia mstari mmoja, unapigwa picha nacho. Nyumbani huwezi kurudia lolote. Na sasa nikiona mkeka wa ukindu unauzwa sokoni sitaomba punguzo tena.

Jioni ya Jumamosi tulikwenda TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni ya hapo Bagamoyo, iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa, na tamasha lake likafuata mwaka 1982. Tulikaa karibu na jukwaa, tukawaona wapigaji wakizipasha ngoma kwenye moto wa makuti, wanagonga kwa kidole, wanasikiliza, wanarudisha tena motoni mpaka ngozi ikaze. Mdundiko ulipopigwa, wenyeji waliinuka bila kuitwa. Mwalimu wetu alikuwemo, na kanga yake kiunoni.

Ukitaka kwenda: chukua gari la asubuhi mapema, beba kofia na maji, kata kucha zote isipokuwa za vidole gumba. Uliza kabla ya kulipa kama ukindu umo kwenye ada. Mtoto wa chini ya miaka 8 nadhani atachoka. Na usiende siku moja tu ukadhani umepata. Ya kwanza yote huishia kwenye kukosea.

Bibi mwalimu wetu alitupa fungu la ukindu mweupe tuondoke nalo, bure, amelifunga kwa uzi wa ukindu wenyewe. Jana usiku tumekaa sebuleni tukaendelea. Binti yangu amefika pima moja na shubiri. Mimi nimefumua mara tatu, ila ukingo wa leo umenyooka.