Uzoefu wangu: mtaalamu wa ufilisi aliyeinusuru karakana yetu ya samani Mombasa

Ukitaja ufilisi hapa Kenya, watu hukumbuka maduka makubwa ya Nakumatt: msimamizi, yaani mtaalamu anayekabidhiwa kampuni iliyoelemewa na madeni aiendeshe, aliingia Januari 2018, na miaka miwili baadaye wadai wakapiga kura ifungwe. Ndiyo maana wenye biashara wengi humwogopa mtu wa kazi hii kama mchimba kaburi. Aliyetuhudumia sisi alituacha wazima, na ningependa wenzangu wajue alifanya nini hasa.

Tunatengeneza samani, wateja wetu wakubwa wakiwa hoteli za pwani. Hoteli kadhaa zilikaa na pesa zetu msimu baada ya msimu, rejesho la benki likachelewa, barua za KRA, mamlaka ya kodi, zikaanza. Mzee anayetuuzia mbao alipochoka akatuletea notisi ya siku 21. Kwa Sheria ya Ufilisi ya 2015, kampuni inayodaiwa shilingi 100,000 au zaidi ikishindwa kulipa ndani ya muda huo, huhesabiwa kuwa haijiwezi, na mdai anaweza kuiomba mahakama iifunge. Wakili wetu akatuunganisha na mama mmoja, mhasibu mwenye leseni ya kazi hii.

Kabla ya kufungua vitabu alizunguka karakana, akauliza ni oda zipi zimebaki nusu na ni fundi gani hajalipwa. Kisha akaketi na karani wetu wakaorodhesha kila anayetudai. Akatueleza nani angelipwa kwanza tukifungwa: benki ina dhamana juu ya mashine, kwa hiyo hujilipa kwanza kutoka hapo; katika kinachobaki, gharama za ufilisi hutangulia, halafu mishahara, hadi ya miezi minne na isiyozidi shilingi 200,000 kwa mtu, kisha kodi. Muuza mbao, asiye na dhamana yoyote, angebaki mkiani.

Siku hiyohiyo alitwambia waziwazi kwamba akishika kazi atawajibika kwa wadai wote, na akikuta tumeficha mali atasema. Ndugu yangu, ambaye ni mkurugenzi mwenzangu, alikasirika: kwa nini tumlipe mtu asiye upande wetu? Kwangu mimi thamani yake yote iko hapo. Ahadi zetu zilikuwa hazisikiki tena kwa mtu yeyote. Yeye alimwekea muuza mbao karatasi mbele, akamwambia, "Mzee wangu, kampuni ikifungwa leo utapata hiki. Ikiendelea kufanya kazi, hiki hapa." Mzee akasoma, akauliza maswali, akakubali kungoja. Angekuwa wakala wetu asingesikilizwa.

Njia zilikuwa mbili. Kuiweka kampuni chini ya msimamizi kungetukinga: dalali hagusi mali bila idhini ya msimamizi au mahakama, na kwa kawaida hali hiyo hudumu hadi miezi 12. Lakini uendeshaji ungetoka mikononi mwetu, na alihofia hoteli zingepeleka oda kwingine. Akapendekeza mapatano ya hiari na wadai, sisi tuendelee na kazi, yeye asimamie malipo. Benki ndiyo iliyosumbua, kwa sababu haki za mwenye dhamana hazibadilishwi bila ridhaa yake. Alirudi kwao tena na tena na hesabu za oda zilizothibitishwa, hadi wakalegea. Wadai wakapiga kura, mahakama ikaidhinisha.

Sasa mafundi wanapokea mishahara kwa wakati, na mzee ameanza kutuletea mkangazi tena, ingawa kwa pesa taslimu.

Nampa nyota nne. Ada ni nzito, tena sehemu yake hutakiwa mapema, wakati ambapo kampuni haina kitu. Duka dogo lenye deni la laki mbili tatu haliwezi kuimudu, na hilo linaniuma, kwa kuwa maduka ya namna hiyo ndiyo yanayokufa kila siku. Mwombe aandike ada ya kila hatua kabla hujatia sahihi. Wetu aliandika, na hakuongeza kitu baadaye.

Leseni nayo ithibitishe mwenyewe. Hutolewa na ofisi ya ufilisi ya serikali iliyo chini ya BRS, idara ya usajili wa biashara, na mwenye nayo lazima awe mwanachama wa chama cha taaluma kinachotambuliwa, kama ICPAK cha wahasibu au LSK cha mawakili. Kuna wanaojiita washauri wa madeni bila leseni hiyo, na hao hawaruhusiwi kusimamia mapatano ya aina hii.