Kipimajoto cha tangi chenye mlio: nimeacha kuuamini mkono wangu

Nafanya kazi kwenye ghala la vyakula vilivyogandishwa, nyuzi 18 chini ya sifuri na wakati mwingine chini ya hapo. Nyumbani nafuga samaki wa mapambo. Kwa miaka nilikuwa nikirudi kazini natia vidole kwenye tangi, nikisikia uvuguvugu, basi, naenda kulala. Hita ya kupasha maji ya tangi ilipokufa, vidole vyangu viliniambia maji yako sawa. Vilikuwa vimetoka kwenye baridi, kwa hiyo hata maji ya nyuzi 19 kwao yalikuwa ya moto. Siku tatu zikapita hivyo.

Samaki wangu, wale waitwao moli weusi, wakaanza kujisugua kwenye kokoto. Nikawasha tochi, nikaisogeza karibu na kioo: kwenye pezi la mkia la jike mkubwa kulikuwa na vidoa vitatu vyeupe, vimetuna, kila kimoja kidogo kuliko kichwa cha pini. Kesho yake havikuhesabika, na samaki alikuwa anahema juujuu, matamvua yakienda mbio. Ni ugonjwa wa madoa meupe, na kimelea chake kinaitwa Ichthyophthirius multifiliis. Baridi haikukizaa. Kiliingia na samaki wapya niliowatia tangini bila kuwatenga kwanza, kosa langu mwenyewe. Ila maji yakipoa ghafla kinga ya samaki hushuka, na kimelea hupata mwanya. Nilipoteza wanne.

Ndipo nikanunua kipimajoto hiki. Kina skrini ndogo inayobandikwa nje ya kioo, waya wa mita moja, na kihisio kinachozama kwenye maji. Unakipangia kiwango cha chini na cha juu. Maji yakivuka, kinalia. Kabla ya kukitumia nilikijaribu: barafu iliyopondwapondwa, maji kidogo, nikakoroga na kusubiri. Kilitakiwa kisome sifuri, kikasoma 0.3. Kwa kazi ya tangi sidai zaidi ya hapo.

Faida yake niliiona wakati wa kutibu. Dawa haikifikii kimelea kikiwa kimejificha chini ya ngozi ya samaki, wala kikiwa ndani ya ganda lake huko chini kinajigawa kuwa mamia. Inakiua kikiwa kinaogelea kutafuta samaki wa kumwingia, na muda huo ni mfupi, siku moja au mbili. Sasa, mzunguko mzima unategemea joto: kwenye nyuzi 25 ni siku chache tu, kwenye nyuzi 10 unavuta zaidi ya mwezi. Asiyejua joto la maji yake hawezi kujua aendelee na dawa siku ngapi. Wengi huacha dawa madoa yakianguka, wakadhani samaki amepona, kumbe ndiyo kwanza vitoto vya kimelea vinatoka. Mimi nilipandisha joto taratibu hadi 29, nikaongeza pampu ya hewa kwa sababu maji ya moto hubeba oksijeni kidogo, nikawa nafyonza uchafu kwenye kokoto kila baada ya siku moja. Kipimajoto kilinionyesha usiku maji yanashuka nyuzi mbili. Bila hicho nisingejua.

Kasoro zipo. Vitufe ni vidogo mno, na mtu mwenye vidole vilivyokufa ganzi hawezi kuvibonyeza, mimi nilitumia ncha ya kalamu. Mlio ni dhaifu. Nikifunga mlango wa chumba siusikii. Kipira cha kunata kiliachia kioo wiki ya pili. Linaloniudhi hasa ni kwamba ukibadilisha betri, viwango ulivyopanga vinafutika na mlio unazimika bila kukuonya. Kifaa cha kulinda uhai hakitakiwi kusahau kimya kimya hivyo.

Siku moja nilikwenda nacho kazini, nikaingiza kihisio ndani ya glavu, kwenye ncha ya kidole cha shahada. Baada ya dakika arobaini kilisoma 13.8. Ngozi ya vidole ikishuka chini ya nyuzi 15 hivi wepesi wake hupungua, na hapo ndipo tunapoangusha maboksi na kujikata bila kusikia. Tangu siku ile navaa glavu mbili, ya ndani nyembamba na kavu, na ikilowa jasho naibadilisha. Mikono ikifa ganzi naiweka kwapani. Siichovyi kwenye maji ya moto, kwa sababu mkono usiosikia baridi hausikii kuungua pia.

Wenzangu wa ghalani mnaofuga samaki, angalieni na nyufa za vidole. Madoa meupe hayampati binadamu, lakini kwenye matangi huweza kuwamo bakteria aitwaye Mycobacterium marinum anayeingilia kwenye mikwaruzo. Hupenda joto la nyuzi 30 hivi, na mikono huwa baridi kuliko mwili wa ndani, ndiyo maana hukaa mikononi, na uvimbe wake huchukua miezi kupona. Ukiuona, mwambie daktari kwamba unafuga samaki. Mimi siku hizi navaa glavu ndefu za mpira nikisafisha tangi.

Nakipa nyota nne kati ya tano. Cha pili nimeshanunua, kiko kwenye tangi dogo la karantini, ambako samaki wapya sita wanamaliza wiki ya tatu.