Barbershop: nimecheka, ila Dinka amenikwaza

Jina ndilo lililonikwaza. Katika Barbershop, kichekesho cha mwaka 2002 kilichoongozwa na Tim Story, kinyozi pekee aliyezaliwa Afrika anaitwa Dinka, na tunaelezwa katoka Afrika Magharibi. Wadinka ninaowajua mimi ni wafugaji wa ng'ombe wa Sudan Kusini. Ni sawa na kumchukua Mnorwe ukamwita Mgiriki. Anayemwigiza, Leonard Earl Howze, ni Mmarekani, na lafudhi yake inaelea tu, haina kwao. Kazi ya Dinka ni kuwa mnene, mpole, na kumtamani Terri. Basi.

Naanza na lawama ili niimalize mapema, maana filamu yenyewe naipenda, nimeitazama mara mbili.

Mambo yote ni ya siku moja ya baridi katika saluni ya wanaume huko South Side, Chicago. Calvin (Ice Cube) ameirithi kwa baba yake, madeni yamemkaba, anamuuzia mkopeshaji wa mtaani kwa dola 20,000. Akija kujuta na kutaka kuzirudisha, anaambiwa alete 40,000.

Wengi wakiambiwa filamu ina mchanganyiko wa watu, huanza kuhesabu rangi. Hapa utamu uko ndani ya watu weusi wenyewe, namna wasivyofanana. Yupo Jimmy, msomi anayejiona. Yupo Ricky, aliyewahi kufungwa na ambaye polisi wakikosa mtu humrudia yeye. Terri, anayeigizwa na rapa Eve, ndiye mwanamke pekee mwenye kiti chake pale, na nimempenda kwa sababu hakuwekwa kama pambo: anaivuruga saluni nzima kwa kuwa kuna mtu kamnywea juisi yake ya tufaha! Halafu Isaac, mzungu anayeongea na kutembea kama vijana wa mtaa, lakini wateja hawakitaki kiti chake. Ugomvi wake na Jimmy kuhusu nani mweusi zaidi ulinichekesha, kisha nikanyamaza kidogo, maana Jimmy hakuwa na jibu zuri.

Mwenye filamu, lakini, ni kinyozi mzee Eddie. Cedric the Entertainer hakuwa hata na miaka 40 alipomwigiza, na mvi zile nilizisadiki kabisa. Eddie anamdharau hadharani Rosa Parks, mwanamke mweusi anayeheshimiwa kwa kukataa kumpisha mzungu kiti cha basi enzi za ubaguzi Marekani: eti alichofanya ni kukaa tu, na wapo waliokaa kabla yake. Hilo la mwisho ni kweli. Claudette Colvin, binti wa miaka 15, alikataa kupisha kiti katika basi huko Montgomery, Alabama, Machi 1955, miezi tisa kabla ya Parks. Saluni nzima inamzomea mzee, naye habanduki. Nje ya filamu utani huo uliwaka moto: mwanaharakati Jesse Jackson alilalamika, na Parks mwenyewe hakuhudhuria tuzo za NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, za 2003 kwa kuwa Cedric ndiye aliyeziongoza. Namwelewa bibi yule. Hata hivyo nisingependa kipande kile kikatwe. Ndicho kinachoonyesha kwamba weusi hawana kauli moja, hata juu ya mashujaa wao.

Vipande vya wezi wawili, JD na Billy, wakihangaika na mashine ya kutolea pesa waliyoiiba nilivichoka. Mwenye duka walikoiiba, Samir, mwenye asili ya Asia Kusini, anapewa kulalamika na si mengine. Yeye na Dinka wangeweza kushitaki pamoja.

Nimeipa nyota nne kati ya tano. Ukiitazama, washa maandishi ya chini, kwa sababu wanaongea mbio na kwa kurukiana, na Eddie ukimkosa sentensi moja umekosa nusu ya ugomvi. Matusi yapo, watoto walale kwanza.