Blanketi, bandeji na tepu ya dhahabu: joto la turbo mbili chini ya boneti

Karibuni tena wadau. Mezani hapa nimepanga vifaa ambavyo muuzaji wa seti ya turbo mbili mara nyingi hakuwekei kwenye boksi, au akikuwekea, anakuwekea kidogo: blanketi la turbo, roli ya bandeji ya egzosi, bomba lililopakwa seramiki, ngao ya bati, tepu ya dhahabu, kipoza oili chenye themostati (vali inayoipitisha oili kwenye kipoza ikishapata joto tu), na hivi vistika vidogo ambavyo nitavifikia mwishoni. Swali ninalotaka kulijibu leo ni hili: umefunga turbo mbili kwenye injini ambayo kiwandani haikuwa na turbo hata moja, sasa pesa yako ya kupambana na joto ianzie wapi?

Jibu langu nalitoa mapema. Ianzie kwenye egzosi. Najua wengi mnaanza na intakula, yaani kipoza hewa inayotoka kwenye turbo, ile kubwa ya kung'aa nyuma ya bampa, na intakula nitaizungumzia, lakini sikilizeni kwanza.

Chukueni mfano wa Nissan 370Z. Injini yake ni VQ37VHR, V6 ya lita 3.7, mgandamizo 11 kwa 1, isiyo na turbo. Wahandisi walipopanga chumba cha injini walijua moto unatoka kwenye silinda, unaingia kwenye manifoldi, yaani bomba linalokusanya gesi ya silinda, unashuka chini na kwenda zake nyuma. Waya, mipira ya maji, bomba la petroli, shafti ya usukani, vyote vimepitishwa kwa hesabu hiyo. Wewe unakuja na seti ya kufungia kwa bolti, unaweka vizuizi viwili kwenye njia ya moto. Ukikanyaga mafuta mpaka mwisho, gesi inayotoka kwenye injini ya petroli yenye turbo inakuwa kati ya nyuzi 800 na 950 za Selsiasi. Na karibu theluthi moja ya nishati ya petroli unayochoma inatokea huko egzosini. Turbo ndizo zinazoipokea hiyo, sentimita chache tu kutoka kwenye plastiki.

Halafu kuna mionzi. Chuma cha moto hakihitaji kugusa kitu ili kikiunguze, na nguvu ya mionzi haipandi polepole, inapanda kwa kipeo cha nne cha halijoto, ikihesabiwa kuanzia sifuri halisi (kelvini). Nyumba ya tabaini, upande wa turbo unaozungushwa na gesi ya egzosi, ikiwa na nyuzi 700 kwa nje, inatoa mionzi karibu mara 18 ya kile kinachotoka kwenye uso wa aina hiyohiyo wenye nyuzi 200. Hapo ndipo blanketi linapojilipa lenyewe.

Basi tuanze nalo. Hili hapa. Kamera isogee kidogo, mwone mshono. Nje kuna kitambaa kigumu, huu unaong'aa ni uzi wa chuma kisichoshika kutu. Katikati kuna pamba ya seramiki. Ndani, upande unaokaa kwenye tabaini, ndiko kunakotofautisha blanketi zuri na baya. Ya bei ya chini yana faibaglasi ya kawaida ndani, na faibaglasi ikikaa muda mrefu kwenye nyuzi 600 hivi inaanza kukakamaa, halafu inavunjika na kuwa unga. Unalitoa blanketi baada ya miezi kadhaa, linamwagika mkononi. Tafuta lenye silika upande wa ndani, silika inavumilia karibu nyuzi 1000. Likunje hivi, bonyeza: likirudi lenyewe taratibu, pamba ni nene. Likibaki limelala, umenunua kitambaa tu. Hizi ndoano za pembeni zinafungwa kwa springi au kwa waya. Mimi napendelea springi, kwa sababu chuma kinatanuka kikipata moto, na waya uliokazwa baridi unalegea baadaye.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo watu wanapoua turbo kwa nia njema. Blanketi linavaliwa upande wa tabaini peke yake. Usifunike katikati ambako kuna bering, usifunike upande wa kompresa, ule unaosukuma hewa kwenye injini. Katikati kunahitaji kupoa. Ukikufunika, oili iliyobaki ndani inaungua na kuganda kuwa masizi magumu, na bering haina maisha tena. Jambo la pili: chuma kilichofunikwa kinakuwa cha moto zaidi, si cha baridi zaidi. Joto umelifungia ndani kama chai kwenye chupa ya thermos. Ni kweli ndicho unachotaka, gesi ikibaki ya moto inabaki na nguvu ya kuzungusha tabaini na turbo inaamka mapema, lakini manifoldi ya chuma cha kutupwa cha kawaida itapata nyufa mapema kuliko ya chuma kisichoshika kutu kilicho kizuri. Bolti za tabaini nazo zinalegea. Baada ya safari za mwanzo zikague zote, na uweke washa za kufunga. Na blanketi likilowa oili, litoe. Usilikaushe, usilirudishe. Kitambaa kilicholowa oili kwenye tabaini ya nyuzi 700 ni moto unaosubiri.

Bandeji ya egzosi, hii roli. Kuna ya faibaglasi na kuna hii ya rangi ya shaba, inayotokana na mwamba wa basalti, yaani lava iliyoyeyushwa ikavutwa kuwa nyuzi. Wauzaji huiita ya titani, lakini titani hamna humo, ni basalti. Inavumilia joto zaidi ya faibaglasi na haikatiki ovyo ukiikunja. Kuivisha kunataka mikono miwili na mtu wa pili, kila mzunguko ulalie ule wa kwanza kidogo, karibu milimita 6, na ukaze unapokwenda. Vaa glavu na barakoa, zile nyuzi zinawasha siku nzima. Ukiwasha gari mara ya kwanza itatoa moshi na harufu nzito, usiogope, ni gundi ya kiwandani inaungua. Lakini bandeji inashika maji. Gari ikilala kwenye mvua, au ukiiosha chini kwa presha, maji yanakaa kwenye bomba. Bomba la chuma cha kawaida chini ya bandeji linaoza kimyakimya, na hulioni mpaka litoboke.

Kwa hiyo kwenye manifoldi mimi naisukuma bandeji pembeni na kuchagua seramiki. Hili bomba limepakwa ndani na nje. Pitisha kidole, ni tabaka jembamba, haliongezi unene wa kukusumbua kwenye nafasi finyu, halishiki maji, halimwagi nyuzi. Ubaya wake ni mmoja: lazima lipakwe kabla hujafunga. Ukishamaliza kufunga seti yote ndipo ukakumbuka seramiki, utafungua kila kitu upya. Kama seti yako haijafika, mwulize muuzaji leo kama manifoldi zinaweza kuja zimepakwa. Bandeji iache kwa bomba linaloshuka kutoka kwenye turbo, pale tu linapopita karibu na kitu kinachoyeyuka.

Ngao ya bati nitaipita haraka, kwa sababu haina siri. Kinachofanya kazi ni ile nafasi ya hewa nyuma yake. Acha angalau sentimita moja kila upande. Bati lililolazwa moja kwa moja juu ya bomba si ngao tena. Na kama ni ya alumini, kumbuka alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660, kwa hiyo karibu kabisa na tabaini weka chuma.

Tepu ya dhahabu. Inapendeza, najua. McLaren F1 ya miaka ya 1990 ilivikwa dhahabu halisi kwenye chumba cha injini, kwa sababu dhahabu inarudisha mionzi ya joto vizuri sana. Hii ya kwetu ni plastiki ngumu yenye uso wa rangi ya dhahabu, na inafanya kazi kwa kanuni hiyohiyo, mradi uibandike kwenye kitu cha baridi kinachotazamana na cha moto: bomba la hewa, ukuta kati ya injini na kabini, boksi la fyuzi. Ukiibandika kwenye bomba la egzosi itaungua tu. Ikishika vumbi na mafuta, uwezo unashuka, kwa hiyo ifute. Mimi naipa nafasi ya mwisho kwenye bajeti.

Twende kwenye oili, maana seti nyingi za kufungia kwa bolti zinakuwa na turbo zilizokaa chini sana, pembeni ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) au chini yake. Oili inaingia kwa presha ya injini, lakini haiwezi kurudi kwenye sampu kwa uzito wake, hivyo kuna pampu ndogo ya umeme ya kuirudisha. Pampu hiyo inanyonya oili iliyotoka moja kwa moja kwenye bering za turbo, na mara nyingi imefungwa palepale jirani na bomba la moto. Ikizimika, oili inajaa kwenye turbo na utaona moshi wa bluu nyuma. Ihamishe mbali na moto, iwekee ngao, ipe waya wake na rilei yake.

Kwa oili yenyewe, nyuzi 90 hadi 110 ni sawa. Ikipita 130, toa mguu. Kipoza oili ni cha lazima, lakini nunua chenye themostati kama hiki. Bila themostati, kwenye safari fupi oili haifikii joto la kutosha kukausha maji yaliyomo ndani yake, nayo inachakaa mapema. Turbo zako zikiwa na njia ya maji, bomba la kutokea lipande juu kuelekea tangi, lisishuke. Ukizima injini, pampu ya maji imesimama, lakini maji ya moto yanapanda yenyewe na kuvuta ya baridi nyuma yake, bering zinaendelea kupozwa. Bomba likiwa na kilima katikati, mvuke unajifungia hapo na mzunguko unakufa.

Sasa intakula, na hesabu yake. Hewa ya nje ni nyuzi 30, busti, yaani presha ya ziada ya turbo, ni nusu ba na kidogo, tuseme 0.55, na kompresa ina ufanisi wa asilimia 70. Hewa inatoka kwenye kompresa ikiwa na nyuzi 88 hivi. Intakula inayoondoa asilimia 70 ya joto lililozidi hewa ya nje inakupa nyuzi 47 kwenye injini. Vizuri. Lakini kama chujio la hewa limekaa ndani ya chumba cha injini na linavuta hewa ya nyuzi 60, kompresa ileile inatoa karibu nyuzi 124, na intakula ileile inakuachia 58. Umepoteza nyuzi 11 bila kubadilisha kitu kingine chochote, na kwenye mgandamizo wa 11 kwa 1 hizo ndizo zinazoamua kama injini itagonga, yaani petroli kulipuka ovyo ndani ya silinda. Kompyuta ikisikia kugonga inachelewesha cheche, cheche ikichelewa gesi ya egzosi inazidi moto, na tumerudi kwenye tabaini. Kwa hiyo kabla ya intakula kubwa zaidi, toa chujio nje ya joto.

Intakula nene kupita kiasi inaziba rejeta, na hewa iliyopita kwenye intakula inafika kwenye rejeta ikiwa imeshapata moto. Ziba kila mwanya wa pembeni kwa sponji na bati, ili hewa iliyoingia kwenye bampa ikose njia nyingine isipokuwa kupita kwenye mapezi. Kisha iwekee mlango wa kutokea. Matundu ya boneti yakae theluthi ya mbele, karibu na nyuma ya rejeta, ambako presha juu ya boneti ni ndogo. Karibu na kioo cha mbele presha iko juu, kwa hiyo kuinua boneti kwa nyuma kwa washa kunaweza kuingiza hewa badala ya kuitoa. Na ile sahani ya plastiki ya chini, mafundi wengi wanaitupa ili bomba zipite. Ikate kwa kipimo, uirudishe.

Mwisho, hivi vistika. Ni vidogo, vina vidirisha, na kila kidirisha kinageuka cheusi kikifika nyuzi zilizoandikwa, na hakirudi. Kwangu hiki ndicho kifaa chenye thamani kuliko vyote hapa mezani. Bandika kimoja kwenye pampu ya oili, kimoja kwenye bomba la petroli, kimoja kwenye boksi la fyuzi, kimoja kwenye silinda kuu ya breki. Endesha kwa nguvu, kisha simama na uiache gari bila kufungua boneti, kwa sababu vitu vingi vinapata joto kali zaidi baada ya kusimama, upepo ukiwa umekata. Halafu fungua, soma, na ngao ya kwanza iende pale penye weusi mwingi.

Niandikieni chini mmefunga seti kwenye gari gani na stika zenu zilisoma nyuzi ngapi kwenye bomba la petroli. Nitazijibu.